Kungoja Mkono wa Jairus

Jumanne, 10 Februari 2009

Daktari wa kituo cha vipimo amemwambia Jairus leo asubuhi kwamba picha ya kifua chake ina doa, pafu la kulia, upande wa juu. Habari hii nimeipata kwa mkewe, Rispah. Jairus alimpigia simu akiwa bado kwenye foleni ya kurudishiwa pasipoti. Visa yake inaisha mwezi huu na haitapigwa muhuri mpaka ijulikane doa ni la nini. Mchana wamempeleka hospitali, wadi ya kutengwa.

Rispah alirudi kutoka kazini jioni, akakaa kitandani na sare ya hoteli bila kuvua viatu. Tuko wanne katika chumba hiki cha nyuma cha villa, Al Qusais, Dubai: mimi, Rispah, Fridah wa Meru na Resty wa Masaka. Sote tunafanya kazi za hoteli, Al Garhoud. Fridah aliuliza swali moja.

"Na Ijumaa?"

Fridah alikuwa anauliza habari za shamba.

Jumatano, 11 Februari

Niandike habari za shamba mara moja, nisirudie.

Nyuma ya villa kuna uwanja wa mchanga, upana wake kama wa chumba cha darasa. Amour, anayeitunza nyumba hii kwa niaba ya mwenyewe, alituruhusu kuulima mwaka juzi. Ni mzee wa ukoo wa Unguja, alikuja huku kijana, na kona moja ya uwanja ni yake: nanaa na mrehani. Sisi tulileta samadi ya mbuzi kutoka soko la mifugo, tukaichanganya na mchanga. Maji ni yale yanayodondoka kwenye mabomba ya eisii, yaani viyoyozi vya vyumba vyote. Tunayakinga kwa ndoo za rangi. Msimu uliopita tulikula sukuma wiki, kunde, managu, yaani mnavu, na dania kuanzia Desemba hadi Machi.

Msimu huu hatujapanda chochote. Matuta yako tayari tangu Oktoba. Tumemngoja Jairus.

Kwao Alego, kwa Wajaluo, hakuna anayetia mbegu ardhini kabla ya mkubwa wa boma. Mkubwa analala na mke wake wa kwanza usiku wa kuamkia siku hiyo, alfajiri wanatoka pamoja na mbegu, kisha wengine wanafuata kwa umri. Anayetangulia analeta mkosi nyumbani. Jairus ndiye mkubwa wetu hapa: ni mtu mzima kuliko sote, na mbegu zote zilitoka katika kopo lake. Yeye analala kambi ya walinzi na Rispah analala nasi, kwa hiyo mwaka juzi Amour aliwaazima ufunguo wa stoo. Alicheka wiki nzima. "Nyie watu wa bara nyie! Mchicha mpaka uolewe!"

Oktoba kampuni ilimpeleka Jairus kulinda bohari nje ya mji, mbali. Novemba mama yake akafa Alego. Hakupata ruhusa ya kwenda kuzika. Kwa kifo hicho yeye ndiye mkubwa wa boma la baba yake pia. Mpango wake ulikuwa hivi: afanye upya visa, apande nasi Ijumaa hii tarehe 13, halafu aende likizo afungue shamba la kwao kabla ya mvua za Machi. Ndugu yake mdogo, Zedekiya, anamngoja huko.

Sasa mashamba mawili yanamngoja mtu mmoja aliye nyuma ya kioo.

Ijumaa, 13 Februari

Hatujapanda.

Amour alitoka na kikombe chake cha chai, akatazama matuta matupu. "Mwezi wa pili huu. Sasa hivi mngekuwa mnakula, siyo mnangoja. Huku si kwenu. Jua likishika hapa, khalas."

Rispah alimwamkia, akaingia ndani.

Jumapili, 15 Februari

Wamechukua makohozi. Muuguzi amesema yanaoteshwa maabara, na jibu huchukua hadi wiki nane.

Alhamisi, 19 Februari

Tumemwona. Anasimama upande mmoja wa kioo na sisi upande mwingine, na kuna simu ya ukutani. Amekonda usoni. Wamekwisha kumwanzishia vidonge bila kungoja jibu la maabara. Alimwambia Rispah kwa Kiswahili ili mimi na Fridah, tuliosogeza masikio karibu na simu, tusikie:

"Pandeni. Nimeruhusu."

"Umeruhusu nini?"

"Rispah, mimi ndiye mwenye mkono. Nikisema pandeni, si nimesema?"

"Mkono uko wapi? Nauona kwenye kioo." Alibadilisha simu sikio. "Nikitoa mbegu peke yangu nitakuwa nimejiita mjane. Mjane ndiye anayetoka peke yake. Unataka watu wa kwenu wasikie hivyo?"

Jairus alitazama sakafu. Halafu akaomba aletewe kopo la mtindi lenye udongo, aweke mbegu moja dirishani kwake, iwe ndiyo ya kwanza. Muuguzi, mama wa Kerala mwenye haraka, alisikiliza ombi lote kwa upole na kukataa. Udongo hauingii wadi ya kutengwa.

Ndani ya basi Fridah alisema Rispah anatufunga kamba na mila zake. Nilikubaliana naye, ingawa sikusema.

Jumatatu, 23 Februari

Sote wanne tumepimwa kifua. Sote wazima. Resty amehama hata hivyo, amekwenda kwa rafiki yake Al Nahda. Alikunja nguo zake huku akimkwepa Rispah macho.

"Banange, si ubaya. Naogopa tu. Visa yangu ni mwezi wa tano."

"Nenda salama," Rispah alimwambia, akamshikia mlango.

Jumapili, 1 Machi

Zedekiya amempigia Rispah simu. Amesema ng'ombe wa jembe wako tayari na boma lote linamngoja kaka. Rispah amerudia maneno hayo mara tatu leo, mara mbili kwangu na mara moja kwa Amour. Ni mara ya kwanza nimemwona anakula vizuri tangu Februari ianze.

Ijumaa, 6 Machi

Kumezuka ugomvi.

Tulirudi kutoka kanisani saa sita; huku ibada ni Ijumaa. Rispah alikwenda nyuma kumwaga maji ya eisii kwenye mrehani wa Amour, kazi anayoifanya ili ndoo zisijae, akakuta mstari wa miche ya dania kando ya ukuta. Mifupi kama kucha. Alimwita Fridah kwa jina lake lote.

"Nani amepanda hii?"

"Mimi," alisema Fridah. "Ni dania tu. Ni ya kutia kwenye mchuzi. Dania nayo ina mkubwa?"

"Mbegu ni mbegu."

"Mimi si Mjaluo, Rispah. Mama yangu kule Meru anapanda mvua ikinyesha. Haulizi nani amelala na nani."

Amour, aliyekuwa anakata nanaa kwa chai yake, alianza kucheka kisha akaacha. Rispah alichuchumaa. Nilidhani atang'oa. Alikaa hivyo kwa muda, akigusa mchanga pembeni ya miche bila kuigusa yenyewe.

"Tangu lini?"

"Wiki tatu."

"Ijumaa ileile ya kupanda?"

Rispah alisimama, akapangusa magoti. "Akifa, Fridah, sitasema ni wewe. Lakini utajua."

Rispah alilala saa mbili usiku. Fridah alikaa mlangoni na simu isiyolia. Nimefanya kazi ya uandishi wa mahakama Kisumu miaka mingi, na nimesikia watu wakihukumiwa kwa maneno marefu zaidi ya hayo bila kutikisika. Fridah alitikisika. Kabla ya kuzima taa aliniuliza kama dania inaweza kumuua mtu. Nilimwambia kinachoua ni kifua kikuu kisichotibiwa, na Jairus anatibiwa.

"Basi mwambie Rispah."

"Anajua."

Jumamosi, 7 Machi

Miche ya dania haipo. Fridah ameing'oa mwenyewe asubuhi.

Jumanne, 10 Machi

Joto linaongezeka. Ndoo zinajaa haraka kwa kuwa eisii hazizimwi tena mchana.

Jumatano, 18 Machi

Mvua imeanza Alego, kwa mujibu wa Zedekiya. Rispah alimwuliza kama wanangoja. Alisema, "Shemeji, tutafanyaje?" Rispah amelichukua hilo kuwa jibu.

Hapa mawingu yalipita asubuhi, yakaacha matone ya vumbi kwenye madirisha. Fridah na Rispah wote wawili walitoka nje kuyatazama, kila mmoja upande wake wa uwanja. Nyumbani huu ndio mwezi wa kupanda. Nadhani hiyo ndiyo sababu hatukumsikiliza Amour. Kichwani tulijua kwamba huku msimu unaanza Oktoba. Lakini hakuna mtu wa nyanda zetu anayeweza kuamini kwamba Machi ni mwisho wa kitu.

Ijumaa, 27 Machi

Muuguzi alipiga simu jana: Jairus sasa anaruhusiwa nusu saa ya jua kwenye bustani ya hospitali, amevaa barakoa, wageni wakae kando. Rispah alimkatiza Fridah aliyekuwa anapiga pasi, akamwuliza kama ana kijiko cha chuma. Hayo ndiyo maneno ya kwanza kumwambia tangu habari ya dania.

Tumekwenda watatu. Bustani ni njia ya saruji yenye benchi, na kando yake kitalu cha petunia, za zambarau na nyeupe, zilizopandwa kwa mistari kama askari. Mpira mweusi wa maji umepita katikati na unadondosha tone moja moja siku nzima. Jairus alikuwa amekaa kwenye benchi amevaa kanzu ya hospitali na barakoa, soksi za kijani miguuni. Sikuwa nimemwona mchana, bila kioo, tangu Januari. Shingo yake imekuwa ya mzee.

Rispah hakumsalimu kwa maneno mengi. Alitoa kijiko kwenye mkoba.

"Hapa," alisema.

"Hapa wapi?"

"Kati ya maua."

Jairus alicheka ndani ya barakoa mpaka akakohoa, na alipokohoa tulirudi nyuma sote, hata Rispah. Aliliona hilo. Alingoja mpaka tulipotulia.

"Na usiku?" aliuliza. "Hatujalala pamoja."

"Miezi sita nimelala nikikuwaza. Huo usiku unatosha."

Fridah alijitia kutazama magari barabarani.

Alichimba Rispah, kwa kijiko, mahali mpira unapodondosha. Alimwekea Jairus kunde tatu kiganjani, akaondoa mkono wake na kurudi hatua. Jairus aliinama kutoka kwenye benchi. Ilimchukua muda. Alizitia kunde shimoni moja baada ya nyingine, akafukia kwa vidole, akabaki ameinama, akihema. Alisema kitu kwa Kijaluo. Rispah alijibu neno moja.

Mtunza bustani, Mpakistani mwenye ndevu za hina, alikuwa ametutazama muda wote akiwa ameegemea toroli. Nilijiandaa kueleza. Alikuja, akatazama udongo uliofukuliwa, akamtazama mgonjwa. "Yalla, yalla," alisema, kana kwamba anafukuza paka, kisha akaendelea na kazi yake upande wa pili wa jengo.

Tukirudi, Rispah alimwambia Fridah, "Kesho asubuhi. Baada yangu unafuata wewe."

"Nafuata mimi?"

"Kwani nani mkubwa, wewe au Mwandishi?"

Mwandishi ni mimi. Fridah amenipita mwaka mmoja.

Jumamosi, 28 Machi

Tumepanda. Sukuma wiki, kunde, managu, na mstari wa dania ukutani. Rispah kwanza, Fridah, kisha mimi. Amour alisimama mlangoni. "Mmechelewa, wanangu," alisema, safari hii bila mzaha. Halafu akaenda kutuwekea ndoo zake mbili za maji karibu na matuta.

Ijumaa, 3 Aprili

Kunde zimetoka. Managu bado. Rispah amempigia Jairus kumweleza. Jairus amesema za kwake, kwenye petunia, zimemtangulia kwa siku mbili. Anaziona kutoka dirishani.

Jumapili, 12 Aprili

Pasaka. Kazi kama kawaida. Sukuma ina majani manne.

Jumanne, 14 Aprili

Jibu limetoka. Mandub, yule mtu wa kampuni anayeshughulikia visa, amemwambia Jairus kwa simu, na Jairus amemwambia Rispah: makohozi yameota. Ni kifua kikuu. Matibabu yanaendelea mpaka asiambukize, kisha anasafirishwa nyumbani, na hatarudi. Nimempigia mandub mwenyewe kuthibitisha. Amethibitisha yote. Amesema kanuni ni hiyo na yeye si aliyeiandika. Sauti yake ilikuwa ya mtu aliyelirudia jibu hilo mara nyingi.

Visa ya Rispah haina tatizo. Mkataba wake unaisha mwakani. Watoto wao watatu wako shule za bweni, na karo inatoka kwenye mshahara wake.

Nilimkuta nyuma, anang'oa magugu ambayo hayakuwepo.

"Utabaki?" nilimwuliza.

"Nitabaki." Alisimama. "Si mbaya sana, Mwandishi. Atafika mvua bado ipo. Shamba linamngoja. Atapanda mahindi ya kuchelewa, atapanda maharagwe. Atatoka asubuhi, watu watamwona ametoka. Mwanaume akifukuzwa ugenini akakuta kwao wamemngojea, hajafukuzwa. Amerudi."

Kwa miezi miwili nimeuandika ukaidi wake kama ukaidi. Leo ndipo nimeelewa alikuwa analinda nini. Kila siku ambayo sisi hatukupanda ilikuwa kwake ushahidi kwamba nao kule hawajapanda.

Jumapili, 19 Aprili

Resty amekuja kutoka Al Nahda, akiburuta wavu wa kijani, ule unaofunika majengo yanayojengwa. Ujenzi wa jengo la jirani yake umesimama, makandarasi wameondoka, na mlinzi wa pale, Mubarak, ni mtu wa kwao Uganda. Tumeufunga wavu juu ya matuta kwa waya za kuanikia nguo. Chini yake kila kitu ni kijani, hata mikono yetu.

"Mulisema sitarudi," alisema Resty.

"Nani alisema?" aliuliza Rispah.

"Uso wako, nyabo."

Rispah alimpa chai katika kikombe chake mwenyewe. Resty alikitazama kikombe, akanywa chai yote.

Jumatano, 22 Aprili

Managu imetoka hatimaye. Mche mmoja.

Jumamosi, 25 Aprili

Upepo wa moto ulianza jana alasiri na ukavuma usiku kucha. Asubuhi magari yote ya mtaa yalikuwa rangi moja. Wavu umechanika upande wa kaskazini na ulikuwa unapiga ukuta kama shuka. Kunde zimelala. Tumemwaga maji asubuhi, Amour amemwaga adhuhuri tukiwa kazini, tumemwaga tena jioni. Maji ya ndoo yenyewe yalikuwa ya moto. Amour anasema alitia kidole, akakitoa.

Jumatano, 29 Aprili

Majani ya sukuma yamekuwa kama karatasi ya kufungia maandazi. Ukiyafinya yanavunjika.

Ijumaa, 1 Mei

Hakuna kilichobaki ila nanaa ya Amour, na yenyewe ameihamishia kwenye beseni ndani ya korido. Tulisimama wanne, pamoja na Amour, kwenye matuta. Fridah alisema kama tungepanda Oktoba tungekuwa tumekwisha kula na kusahau. Alisema kwa sauti ya chini, kama mtu anayeeleza tarehe. Rispah alisema, "Ni kweli."

Jumatano, 6 Mei

Mtunza bustani wa hospitali alikuwa anang'oa petunia zote leo. Huwa zinaondolewa joto likianza. Rispah amenieleza. Alimkuta na toroli limejaa maua. Yule mtunza bustani alipomwona alimnyanyulia mkono asimame, akaenda kwenye kibanda chake, akarudi na mfuko wa plastiki. Ndani yake kulikuwa na majani ya kunde, mabichi, yamefungwa kwa uzi. Kunde zile tatu zilikuwa zimetambaa mpaka mwisho wa kitalu, kwa sababu ya ule mpira wa maji. Alikuwa amezikata kwa mkasi kabla ya kung'oa mizizi.

Fridah amezipika jioni kwa maziwa, kama wanavyozipenda kwao Jairus. Zilivyoiva zilijaa kikombe kimoja. Mavuno yetu yote ya mwaka ni hayo. Muuguzi wa Kerala alikipokea kikombe mlangoni, akakifunua, akanusa.

"Chakula kinaingia," alisema. "Udongo tu ndio hauingii."

Ijumaa, 8 Mei

Mandub ametaja tarehe: Alhamisi ijayo, tarehe 14, ndege ya Nairobi. Rispah alikuwa kazini, akaniomba nimpigie Zedekiya nipange nani atampokea Nairobi na kumpeleka Alego. Nimempigia saa nane mchana.

Zedekiya ana sauti ya uchangamfu. Alisema ataenda mwenyewe Nairobi, hakuna shida, ila ni lazima kwanza amalize kupalilia, kwa sababu mvua imeleta magugu mengi na vibarua hawapatikani.

"Kupalilia nini?" niliuliza.

"Mahindi."

"Mara ya kwanza au ya pili?"

"Ya pili hii."

"Mlipanda lini, Zedekiya?"

Nilisikia kuku, na mtoto aliyekuwa akiita mtu. Kazi yangu ya zamani ilinifundisha kutoujaza ukimya wa mtu mwingine.

"Mvua iliponyesha," alisema. "Katikati ya Machi. Dada, mvua haingoji mgonjwa. Na sisi tulisikia... watu walisema hatoki huko mzima. Boma zima lingelala njaa? Nilitoa mbegu mimi na mke wangu. Usimwambie shemeji kwa simu. Nitamweleza kaka mwenyewe akifika."

"Ulimwambia mnangoja."

"Nilimwambia tutafanyaje."

Niliangalia maandishi yangu ya tarehe 18 Machi. Ndivyo alivyosema.

Jumamosi, 9 Mei

Nimemwambia Rispah. Nilifikiri njia mbili tatu za kuliweka, nikachagua iliyo fupi. "Zedekiya alipanda katikati ya Machi. Hawakungoja."

Alikuwa anapaka viatu rangi nyeusi kwa ajili ya zamu. Alimaliza kiatu cha kushoto. Akaanza cha kulia.

"Kabla ya petunia?"

"Kabla."

"Basi siku ile anainama pale," alisema, "walikuwa wamekwisha kumzika."

Fridah alikuwa kitandani kwake, uso ukutani, nikadhani amelala. Aliinuka, akachukua kile kiatu mkononi mwa Rispah na kukimalizia yeye. Alipokuja Dubai nilimwandika kuwa mtu wa kujijali. Niliandika haraka.

Jumatatu, 11 Mei

Rispah amempigia Zedekiya leo mbele yetu, spika ikiwa wazi. Alizungumza Kiswahili. Nadhani alitaka mashahidi.

"Shemeji, hamjambo."

"Hatujambo, shemeji, pole na..."

"Mahindi yako yanaendeleaje?"

"Yako vizuri, Mungu amesaidia. Shemeji, nataka nieleze..."

"Usieleze. Umepanda kabla ya kaka yako, naye yuko hai. Limepita hilo. Nasikiliza la kuvuna."

"La kuvuna?"

"Kwani mama alikufa na mila zote? Nani anaonja kwanza, Zedekiya? Nani anaingia shambani wa kwanza na panga?"

"Kaka," alisema.

"Sema vizuri, niko mbali."

"Kaka anaingia kwanza."

"Jairus anafika Ijumaa. Mahindi yanakauka lini?"

"Mwisho wa Julai."

"Basi mpaka mwisho wa Julai hakuna mtoto wa boma hilo anayechoma hindi bichi. Hata mmoja. Wakiuliza, waambie mwenyewe amerudi na ndiye anayengojwa."

"Shemeji, watoto watakataa vipi hindi bichi? Na kaka mwenyewe, hali yake... atafika Julai?"

Fridah alifunga macho.

"Hilo la kufika ni lake yeye na vidonge vyake," alisema Rispah. "La kungoja ni lako. Unangoja au hungoji?"

"Nitazungumza na wazee. Nitakujibu."

Simu ilikatika, au aliikata. Rispah aliitazama simu kwa muda, akaiweka kwenye chaja.

Jumatano, 13 Mei

Amour ameleta ufunguo wa stoo. Alisema Jairus akitoka hospitali leo jioni kabla ya uwanja wa ndege, watu wawili wanaweza kuhitaji pa kukaa waagane. Mandub amekataa: mgonjwa anatoka wadini kesho asubuhi, anakwenda na gari ya kampuni moja kwa moja. Amour alirudisha ufunguo mfukoni. "Haya," alisema. Hakucheka.

Rispah amefunga kopo la mbegu kwa karatasi na mpira, libebwe na Jairus. Amegawa nusu kwanza. Hiyo nusu amempa Fridah.

"Mwezi wa kumi mnapanda," alimwambia. "Amour ataje siku, hapa anajua yeye. Na wewe ndiye unayetangulia."

"Mimi si mkubwa wako."

"Wewe hapa huna mume anayengojwa. Mkono wako hauna kizuizi. Tangulia, mimi nitafuata."

Amour ametaja Ijumaa, tarehe 9 Oktoba.

Kesho Alhamisi muda wa kumwona Jairus ni dakika kumi, kwenye lango la hospitali, saa mbili asubuhi. Rispah ameomba kubadilishiwa zamu na amekubaliwa. Zedekiya ametuma ujumbe leo saa tisa: wazee wanakaa Jumapili baada ya ibada, na jibu la mahindi atalitoa kwa simu saa moja jioni, saa za huku. Rispah ameniomba nisiwe kazini saa hiyo, niwepo niandike atakachosema.